Kutoka Dalili Hadi Moto

Mwezi Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti wilayani Kasulu, Mkoa wa Kigoma, watu saba waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Walichomwa moto. Wengi wao walikuwa wamevuka miaka 60, umri ambao kwao Uha, nchi ya Waha, kama kwingine nchini, mtu hutarajia kupokewa mzigo njiani na kupishwa kiti barazani. Watu 23 walifikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji, mganga wa kienyeji akiwa mmoja wao. Vyombo vya habari vilisimulia kisa hicho kwa siku kadhaa, kisha vikahamia kwenye mambo mengine.

Wengi waliozungumzia mauaji yale walitaja ujinga. Sikubaliani nao. Mkulima wa Kasulu au wa Kibondo anajua muhogo upi lazima ulowekwe na kuanikwa na upi unaweza kutafunwa mbichi, tena anajua kwamba akikosea hapo watoto wake ndio watakaodhurika. Akimimina maharage kiganjani anakwambia kama yatafika sokoni salama au yatabunguliwa njiani. Hiyo ni akili inayopima ushahidi kila siku. Kinachoniumiza ni kwamba akili hiyo hiyo, ikifika kwenye msiba wa mtoto, hukubali hoja ambayo isingeikubali juu ya gunia la maharage. Kabla ya moto wa namna hii huwa kuna hoja: kwa sababu ya hili na lile, basi fulani ni mchawi. Moto huwashwa na wachache, lakini hoja hupitia vichwa vingi kabla ya hapo, na katika kila kichwa ilikuwa na nafasi ya kuzuiwa.

Elimu ya mantiki inazigawa hoja katika aina mbili kubwa. Ya kwanza huitwa hoja deduktivu. Mimi nitaiita hoja ya lazima. Wilaya zote za Mkoa wa Kigoma ziko Tanzania. Kibondo ni wilaya ya Mkoa wa Kigoma. Basi Kibondo iko Tanzania. Ukishakubali kauli mbili za mwanzo huna njia ya kuikataa ya tatu, hata kama unaishi Mabamba na soko lako la karibu liko ng'ambo ya mpaka, Burundi. Aina ya pili ni hoja induktivu, nami nitaiita hoja ya dalili. Miaka yote tunayoikumbuka, mvua za Kibondo zimeanza kunyesha kati ya Oktoba na Novemba. Basi na mwaka huu zitaanza wakati huo. Ni hoja nzuri, watu wanatayarisha mashamba na kuweka mbegu kwa kuitegemea. Lakini mvua haijafungwa na kumbukumbu zetu. Inaweza kuchelewa hadi Desemba, na kila tulichosema kuhusu miaka iliyopita kikabaki kuwa kweli.

Tofauti yao iko hapo, na swali la kuitambua ni moja: je, inawezekana misingi yote iwe kweli na bado hitimisho liwe uongo? Ikiwa haiwezekani, hoja ni ya lazima. Ikiwa inawezekana, na mwenye kuitoa anadai tu kwamba misingi yake inalifanya hitimisho liwe la kuaminika, hoja ni ya dalili.

Wanafunzi wengi wamefundishwa njia nyingine ya mkato: kwamba ya kwanza hutoka kwenye jambo la jumla kwenda kwenye jambo moja, na ya pili hutoka kwenye jambo moja moja kwenda kwenye la jumla. Njia hiyo inapotosha. Mgonjwa amepelekwa hospitali ya Kibondo au ya Kasulu; Kasulu hayupo; basi yuko Kibondo. Hakuna kauli ya jumla hapo, na hata hivyo hoja ni ya lazima kabisa. Basi la jana lilikwama kwenye tope, la juzi vilevile, basi na la leo litakwama. Hapo tumetoka kwenye matukio mawili kwenda kwenye tukio la tatu bila kupita kwenye jumla yoyote, na hoja ni ya dalili. Kinachoamua ni nguvu ya kifungo kati ya misingi na hitimisho. Nasisitiza hili kwa sababu mtu aliyekariri njia ya mkato hataitambua hoja ya hatari itakapomjia imevaa nguo za nyingine.

Sasa tumweke mbele yetu bibi mmoja. Nimemtunga, lakini kila kipande cha maisha yake kinajulikana. Ni mjane, anaishi peke yake pembezoni mwa kijiji, mahali popote kati ya Makere na Mabamba. Watoto wake wamehamia mjini. Anapika kwa kuni kwenye mafiga, ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa miaka 50 sasa, na macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi. Ana shamba zuri kuliko la shemeji yake. Mwezi uliopita aligombana na jirani kwa sababu ya mbuzi waliokula maharage yake, na katika hasira alisema, kama watu wasemavyo, kwamba Mungu anaona. Wiki mbili baadaye mtoto wa jirani akapata homa, akatetemeka, akafa.

Hoja ya kwanza inayosemwa juu yake ni ya macho. Katika Usukuma macho mekundu yamewaponza vikongwe kwa miongo mingi, na maneno hayo yamesafiri. Wachawi wana macho mekundu. Bibi huyu ana macho mekundu. Basi ni mchawi. Masikioni inafanana sana na ile ya Kibondo na Tanzania: kauli mbili, kisha ya tatu. Inasemwa kwa sauti ile ile ya mtu aliyemaliza maneno. Lakini hata tungekubali kwamba wachawi wote duniani wana macho mekundu, hakuna lililosemwa kuhusu wenye macho mekundu wengine wote. Maaskari wote huvaa viatu. Na mwalimu naye huvaa viatu. Hii ni hoja inayojidai kuwa ya lazima, na muundo wake umevunjika. Kila mama anayepika ndani ya moshi yumo kwenye hatari ya hoja hii, na karibu Uha nzima inapika kwa kuni.

Mtu mjanja ataigeuza. Atasema: kila mwenye macho mekundu ni mchawi, huyu ana macho mekundu, basi ni mchawi. Hapa muundo hauna kasoro. Ukikubali misingi, hitimisho linakufuata hadi mlangoni. Ndipo inapobidi kukumbuka kwamba hoja ya lazima haizalishi ukweli, inaupitisha tu. Ukiingiza uongo juu, uongo utatokea chini, safi na wenye kuonekana umethibitishwa. Kazi yote inahamia kwenye ule msingi wa kwanza: nani alikwenda kuwahesabu wenye macho mekundu wote, na aliujuaje uchawi wa kila mmoja?

Mkoa wa Kigoma unao mfano bora wa namna watu makini wanavyoshughulika na hoja ya aina hii. Mwaka 1960, katika misitu ya Gombe kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Jane Goodall aliwaona sokwe wakichuma vijiti, wakivipukutisha majani na kuvitumbukiza kwenye kichuguu ili kuvua mchwa. Wataalamu wa siku zile walikuwa na msingi waliouamini sana: kiumbe anayetengeneza zana ni binadamu. Ukiunganisha msingi huo na kile alichokiona Goodall, hitimisho ni kwamba sokwe ni binadamu. Louis Leakey, aliyemtuma Gombe, aliiona hoja hiyo mara moja na akasema wazi kwamba sasa ama maana ya zana ibadilike, ama maana ya binadamu, ama sokwe wahesabiwe kuwa watu. Hakulazimisha ukweli uinamie msingi. Hitimisho lisilokubalika lilirudi nyuma na kuutikisa msingi wenyewe, na ndivyo hoja ya lazima inavyopaswa kufanya kazi pande zote mbili. Kijijini kwetu, bibi ambaye watu wote wanamjua kwa miaka 50, aliyewazalisha wake zao na kuwalea watoto wao, alitakiwa kuutikisa msingi wa macho mekundu. Badala yake msingi unaachwa, naye ndiye anayevunjwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu inatokana na jambo lililoonekana kweli. Waligombana, kisha mtoto akafa. Na mwaka juzi aligombana na mtu mwingine, naye akauguliwa. Hii ni hoja ya dalili, na sitaki mtu aidharau aina yake. Karibu yote tunayoyajua kuhusu mvua, mbegu, dawa na tabia za watu tumeyapata kwa njia hii. Wahenga waliosema dalili ya mvua ni mawingu walikuwa wanafundisha kufikiri kwa dalili, na walisema dalili, hawakusema mvua. Hoja ya dalili haipimwi kwa kuuliza kama inalazimisha, maana hailazimishi kamwe. Inapimwa kwa kuuliza tumeona mangapi, tumeyachaguaje, na ni nini kingine kinachoweza kuyaeleza.

Tuanze na hesabu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliwapima watoto wa chini ya miaka mitano nchi nzima. Mkoa wa Kigoma ulikutwa na kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote, kama watoto 24 kwa kila 100 waliopimwa. Huo nao ni ushahidi wa dalili: hawakupimwa watoto wote wa Kigoma, walipimwa baadhi, na kutokana na hao tukakisia juu ya waliobaki. Ila kaya zilichaguliwa kwa bahati nasibu, hakuna aliyechagua nyumba kwa sababu ya ugomvi, na waliopimwa wakakutwa hawana kitu walihesabiwa sawasawa na waliokutwa nacho. Chukua sasa kitongoji chenye watoto wadogo 40. Kwa kiwango kile, kama watoto kumi kati yao wana vimelea vya malaria siku yoyote utakayofika. Mvua zikianza, maji yanatuama, mbu wanaongezeka, na baada ya wiki chache homa zinafuatana nyumba kwa nyumba. Katika kitongoji cha namna hiyo huwezi kugombana na jirani mwenye watoto watatu bila uwezekano mkubwa kwamba mmoja wao ataugua kabla ya mwezi kwisha. Nani asiyegombana na jirani msimu wa kupanda, mbuzi wakiwa wamelegea kamba?

Tena angalia namna visa vya bibi vilivyokusanywa. Mtoto alipokufa, watu walikaa wakakumbuka ugomvi. Hakuna aliyekaa kukumbuka mara zote ambazo bibi aligombana na mtu na hakuna aliyeugua. Hakuna aliyezihesabu nyumba zilizofiwa msimu ule ambazo hazikuwahi kumkosea bibi neno. Kumbukumbu ililetwa na kilio, na kilio kilichagua yale tu yaliyokwenda upande wake. Mtu anayepima maharage kwa kuokota yaliyobunguliwa peke yake atasema gunia zima limeharibika.

Hapo methali nyingine huingia, na hii imefanya madhara makubwa: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Inapotumika kuwatahadharisha watu wasipuuze fununu za hatari, ina kazi yake. Inapowekwa mahali pa msingi wa hoja, inaufanya uvumi ujithibitishe wenyewe. Watu ishirini wakisema bibi ni mchawi, na wote wamesikia kutoka kwa mmoja, tunao ushahidi wa mtu mmoja uliorudiwa mara ishirini. Kijiji kinauhesabu kama ishirini.

Kisha anakuja mganga. Kwa miaka mingi sasa vijiji vya Kigoma vimekuwa vikipitiwa na makundi ya wafichua wachawi, lambalamba au kamchape kama wanavyoitwa. Kamchape si ya jana. Mwanaanthropolojia Roy Willis aliandika kuihusu katika Ufipa mwaka 1968, na kabla ya hapo, miaka ya 1930, wenye dawa za mchape walikuwa wakizunguka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mganga akija, kijiji huchangishwa, ngoma hupigwa, pembe huchimbuliwa uani kwa mtu. Nataka tuitazame pembe hiyo kwa utulivu. Imetoka ardhini, kila mtu ameiona, basi mwenye nyumba aliifukia. Uliza lile swali moja: inawezekana yote yaliyoonekana yawe kweli na hitimisho liwe uongo? Inawezekana kabisa. Aliyeichimbua anaweza kuwa ndiye aliyeifukia, au alikuja nayo mkononi. Inaweza kuwa ya mtu aliyeishi hapo kabla ya vijiji kuhamishwa, na Kigoma imehamishwa sana: mara moja kwa sababu ya malale wakati wa Waingereza, kuanzia 1933, na mara nyingine katika Operesheni Kigoma ya 1972, wakati wa ujamaa. Uwanja mmoja umepita mikononi mwa wengi.

Na bibi akikana? Mchawi hukana. Akikiri baada ya kupigwa? Amekiri. Akinyamaza? Ameshindwa kujitetea. Hoja ambayo kila jibu linaiimarisha imejitoa kwenye aina zote mbili. Haina kifungo cha lazima, na haina dalili yoyote inayoweza kuipinga, kwa hiyo hata zile zinazoiunga mkono hazina uzito. Linganisha na Jane Goodall: kwa zaidi ya miaka kumi aliwaona sokwe wa Gombe kuwa viumbe wapole kuliko binadamu. Alikuwa na ushahidi wa maelfu ya saa. Kuanzia 1974 kundi moja likaanza kuwaua wenzao wa kundi lililojitenga, mmoja baada ya mwingine, naye akaandika alichokiona na kuibadilisha kauli yake. Hoja ya dalili iliyo hai huwa na mlango wa kutokea. Mganga wa kamchape anaujenga ukuta mahali pa mlango huo.

Nimesikia ikisemwa kwamba kama dalili haitoi uhakika, basi hata mahakama haina haki ya kumfunga mtu, maana hakimu naye hakuwapo usiku wa tukio. Pingamizi hili ni la kweli na linastahili jibu. Hakimu naye anatumia dalili. Kilicho tofauti ni masharti aliyojiwekea. Mwaka 1958 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Simoni Musoke lililotoka Uganda, ilieleza kwamba pale ushahidi ni wa mazingira tu, hakimu hawezi kumtia mtu hatiani mpaka aone kwamba mambo yaliyothibitishwa hayapatani na kutokuwa na hatia, na hayawezi kuelezwa kwa namna nyingine yoyote ya busara. Majaji wa Tanzania wanaitumia kanuni hiyo hadi leo. Isome tena ukiwa umemkumbuka bibi. Kanuni inamlazimisha hakimu afanye kazi ambayo kijiji hakikuifanya: azitafute sababu nyingine, malaria, mbu, maji yaliyotuama, chuki ya shemeji mwenye shamba dogo, na azifunge moja moja kwa ushahidi kabla ya kugusa hatia. Ikibaki moja yenye busara, mtu anakwenda nyumbani. Na juu ya hapo kuna rufaa, kwa kuwa hata hakimu aliyefanya hayo yote anajua ametembea kwa dalili.

Hata kipimo cha zahanati ni dalili. Kile kipimo cha haraka cha malaria, tone la damu na mistari miwili, kinaweza kuonyesha malaria kwa mtoto ambaye tayari ametibiwa wiki mbili tatu zilizopita. Mganga mfawidhi wa zahanati anajua hivyo, na bado anatoa dawa, kwa sababu akikosea kwa kutoa dawa, kosa linarekebishika. Uzito wa dalili unaohitajika unategemea kitendo kinachofuata. Kwa kuweka mbegu ardhini, mawingu ya siku tatu yanaweza kutosha. Kwa kumwambia jirani afunge mbuzi wake, alama za kwato zinatosha. Kwa kuchukua uhai wa mtu hakuna mkutano wa kijiji wenye dalili za kutosha, na hautakuwa nazo hata ukikesha.

Ningependa walimu wanaoandaliwa Kasulu na Kabanga waende na jambo hili madarasani, na walifundishe kwa mifano ya kwao kabla ya ile ya Aristotle. Lakini watoto watachukua miaka kukua, na mvua zitarudi Oktoba. Kwa hiyo namwomba pia mwenyekiti wa kitongoji, ambaye mkutano wa kumleta mganga hauwezi kufanyika bila yeye kujua. Siku wazo hilo litakapoletwa, aombe daftari. Aandike nyumba zote zenye mtoto aliyeugua tangu mvua zianze, zote, na mbele ya kila nyumba aandike kama iliwahi kugombana na mtuhumiwa au la. Aandike pia nyumba zilizogombana naye na watoto wao ni wazima. Amwite mhudumu wa afya wa kijiji aseme ni wangapi walipimwa na wangapi walilala ndani ya chandarua. Asome orodha hiyo kwa sauti mbele ya wote, taratibu, jina la nyumba moja baada ya jingine, na kabla ya kumruhusu mtu yeyote kutoa hitimisho awaulize waliokaa pale, wanaume kwa wanawake, ni sababu gani nyingine ambayo bado haijaandikwa.